Dagaa wa Kigoma na Miezi Mitatu ya Kufunga Ziwa

Mfanya kazi atokaye kazini jioni na kupita sokoni kutafuta kitoweo, akifika penye dagaa, aghalabu huuliza maswali mawili tu: hawa ni wa Kigoma au ni wa Mwanza, na je, wana mchanga? Maswali hayo ni ya haki kabisa, tena ni ya mtu ajuaye thamani ya fedha yake, maana dagaa wa Kigoma bei yake iko juu, na mchanga ukipimwa ndani ya kopo nao hulipiwa kama samaki. Leo twapenda kuongeza swali la tatu, ambalo wengi wetu hatujapata kuliuliza: dagaa huyu aishije huko atokako, na kwa nini katika mwaka 2024 ziwa lake lilifungwa miezi mitatu, hata mvuvi asiruhusiwe kutia wavu majini?

Twauliza kwa kuwa jambo hili si la wavuvi peke yao. Dagaa ni samaki wa mtu wa mshahara mdogo. Hukaushwa, husafiri mbali bila barafu, hukaa ndani wiki nyingi bila kuoza, na huliwa mzima pamoja na kichwa na miiba, ndiyo maana humpa mtoto mifupa imara kuliko mnofu mzuri wa samaki mkubwa ambaye mifupa yake hutupwa jalalani. Dagaa akiadimika, mwenye nacho hununua kuku. Asiye nacho hula ugali kwa mchicha mtupu.

Yafaa kwanza tuondoe mchanganyiko wa majina. Neno dagaa twalitumia kwa samaki wadogo wa namna nyingi. Wako dagaa wa baharini, wanaojulikana sana Unguja na Mafia. Yuko dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye ndugu zetu wa Kenya humwita omena na wale wa Uganda mukene. Huyo ni wa jamaa ya samaki wa mitoni, wala hana udugu wa karibu na yule wa Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa samaki wa baharini, ukoo ule ule wa sardini wauzwao katika mikebe. Wataalamu wanaochunguza nasaba za viumbe wanasema kwamba wazee wake waliingia katika mito ya Afrika Magharibi kutoka baharini miaka mamilioni mengi iliyopita, na kizazi chao kimoja kikaishia katika ziwa hili, mbali kabisa na chumvi.

Nao ni wawili, si mmoja. Wa kwanza jina lake la kitaalamu ni Stolothrissa tanganicae, samaki mwembamba, mweupe wa kung'aa kama fedha, ambaye urefu wake ni kama sentimita 10 akishakua. Wa pili ni Limnothrissa miodon, ambaye wavuvi wa Kigoma humwita lumbu. Huyu ni mnene zaidi na aweza kufika sentimita 17. Wanazuoni wa Ulaya walimwandika lumbu mwaka 1906 na mwenziwe mwaka 1917, hali wenyeji wa mwambao wamekuwa wakiwavua wote wawili vizazi na vizazi bila ya kungojea ruhusa ya kitabu. Burundi na Kongo jina lao ni ndagala. Zambia huitwa kapenta. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, na mataifa ni manne: Kongo ina sehemu ya ziwa ipatayo asilimia 45, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8, na Zambia asilimia 6. Samaki hana pasi ya kusafiria. Anayeogelea usiku huu mbele ya Kigoma aweza kuvuliwa na Mkongo, na wa Mkongo akaishia katika gunia letu.

Sasa tutazame nyumba yake, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mzizi wa habari yote.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470. Duniani kote hakuna ziwa lenye kina kulipita ila Baikal la Urusi. Mtu akiona kina hicho hudhani kwamba samaki wamejaa humo kutoka juu hata chini. Sivyo hata kidogo. Hewa ya kuvuta samaki yapatikana katika maji ya juu tu, kiasi cha mita 100 hadi 200 hivi kwa kadiri ya mahali na majira. Chini ya hapo, yaani sehemu kubwa mno ya maji yote ya ziwa, hakuna hewa, na kuna gesi ya sumu inukayo kama yai bovu. Hakuna samaki awezaye kuishi huko. Basi dagaa anaishi katika tabaka jembamba, mfano wa mafuta juu ya mchuzi.

Tena maji hayo ya chini, yaliyokufa, ndiyo yenye mbolea. Kila kinachokufa juu huzama, na mbolea yake hukaa huko miaka na miaka. Maji ya juu ni safi mno, mazuri kwa kutazama lakini maskini wa chakula. Ili vijimea vidogo vya majini viote juu, ambako kuna jua, ni sharti mbolea ya chini ipandishwe. Nani apandishaye? Ni upepo. Kuanzia Mei hata Septemba huvuma upepo mkali kutoka kusini-mashariki, ndugu wa kusi wa pwani, nao huyasukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Huko kusini, upande wa Zambia, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Upepo ukikoma, maji yale hurudi na kwenda, kurudi na kwenda, kama maji ya beseni lililosukwasukwa, kwa wiki kadhaa kila mkupuo, na hata kaskazini hupata sehemu yake ya mbolea. Vijimea huota, wadudu wadogo wa majini wasioonekana vizuri kwa macho hula vijimea, dagaa hula wadudu, na migebuka na sangala hula dagaa. Mlolongo wote huo wategemea upepo kuweza kuchanganya maji.

Tofauti ya joto kati ya maji ya juu na yale ya chini kabisa ni ndogo, kama nyuzi tatu tu: juu ni nyuzi 25 hadi 27, na chini ni 23 na kidogo. Lakini tofauti hiyo ndogo hutosha kuyatenga, kwa kuwa maji ya joto ni mepesi na hukaa juu ya yale mazito. Kadiri juu kunavyozidi kupata joto ndivyo upepo unavyoshindwa kuyachanganya. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Maisha ya dagaa mwenyewe ni mafupi na ya hofu. Mchana hushuka chini gizani kujificha asionwe na migebuka, kisha jioni hupanda kufuata chakula chake, ambacho nacho hupanda. Umri wake haupiti sana mwaka mmoja. Lumbu aweza kuishi miaka miwili na zaidi. Dagaa hutaga mayai mbali na pwani, katika maji makuu. Mayai huzama polepole huku yakianguliwa, na ni lazima kitoto kitoke kabla yai halijafika katika maji yasiyo na hewa. Watoto wanaosalimika husogea karibu na nchi kavu na kukulia huko miezi michache katika maji ya pwani, kisha wakikomaa hurudi kilindini. Lumbu yeye hutaga karibu na pwani tangu mwanzo.

Kutokana na hayo mambo mawili hufuata. La kwanza ni jema: samaki wa namna hii huzaana upesi, na ukimwachia nafasi hujirudisha haraka kuliko samaki aishiye miaka kumi. La pili ni baya: hana akiba. Ng'ombe wakichinjwa wengi mwaka huu, wako mitamba watakaozaa mwaka ujao na mwaka wa tatu. Dagaa wa mwaka ujao ni watoto wa mwaka huu tu, na watoto hao wako pale pwani, penye maji ya magoti, ambapo mtu yeyote mwenye kokoro aweza kuwazoa kwa mkupuo mmoja.

Uvuvi wake nao una historia yake. Wazee walitoka na mitumbwi usiku wa giza, wakawasha moto mbele ya mtumbwi, na samaki walipokuja kwenye mwanga wakawachota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Baadaye ikaja taa ya karabai. Katika miaka ya 1950 zikaanza upande wa Burundi meli zenye wavu mkubwa wa kuzungushia, na kisha Zambia, huko Mpulungu. Wakati huo huo mvuvi mdogo akajifunza kufunga mitumbwi miwili sambamba na kutandaza kati yake wavu wa kuinua. Uvuvi wa meli kubwa umekwisha karibu wote, kwa kuwa haukulipa tena. Mvuvi mdogo amebaki, na idadi yake imeongezeka sana; mahali pa karabai sasa pana taa za umeme wa jua na betri. Kanuni ni ile ile ya wazee: mwanga gizani. Ndiyo sababu mbalamwezi ikiwa kubwa, Katonga na Kibirizi vyombo hupumzika, kwani samaki haoni sababu ya kuifuata taa ya mtu hali ziwa zima limeangazwa bure.

Asubuhi samaki wakishatua, kazi si ya wanaume tena. Ni akina mama wanunuao ndoo kwa ndoo na kuwaanika juu ya mchanga au changarawe. Kiangazi, siku moja ya jua yatosha. Masika, mvua ya saa moja huharibu mali ya wiki nzima, na mama yule aliyekopa fedha za kununulia hubaki na deni na harufu. Vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa kutoka ardhini vyajulikana, si ufundi wa ajabu. Ni miti na wavu tu. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga, hukauka upesi na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Hata hivyo mpaka leo sehemu kubwa huanikwa chini, na sisi tulio mijini twaendelea kutafuna changarawe za Kigoma. Kutoka hapo magunia hupanda gari la moshi, katika njia ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, au hupanda malori, yakaenda Tabora, Dodoma, Dar es Salaam na kuvuka mipaka.

Tumesema kwamba tutarudi kwenye joto. Katika miaka ya 1990 wataalamu walikadiria kwamba ziwa zima, nchi zote nne, lilitoa samaki kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikuwa ya dagaa. Tangu hapo wavuvi wa pande zote wamelalamika kwamba mavuno yanapungua kwa kila chombo. Mara moja ukazuka ubishi: nani mwenye kosa, nyavu au joto?

Mwaka 2003 wachunguzi walitangaza kwamba ziwa limepata joto, upepo umepungua nguvu, na vijimea vya majini vimepungua kiasi cha asilimia 20, jambo ambalo kwa hesabu yao laweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2010 wengine, waliochimbua matope ya kilindini na kusoma alama zilizomo, wakaonyesha kwamba joto la maji ya juu katika karne ya 20 lilipita lile la miaka 1,500 iliyotangulia. Mwaka 2016 wengine wakahesabu mabaki ya samaki ndani ya matope, wakakuta kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa miaka ya 1950. Basi joto limo katika kesi hii, tena si shahidi bali ni mshitakiwa.

Wapo waliosikia habari hizo wakafurahi, wakasema: kumbe si sisi, ni hali ya hewa, tuacheni tuvue. Hatukubaliani nao. Ikiwa ghala linajazwa debe nane mahali pa kumi, mwenye akili hupunguza kula. Hasemi kwamba kwa kuwa mvua ndiyo iliyopunguza mavuno yeye ataendelea kupika debe kumi. Joto la dunia mvuvi wa Kigoma hakulileta, na hawezi kulizuia kwa mkono wake. Kokoro aweza kuliacha. Sheria ya uvuvi ya Tanzania imelikataza kokoro, na sababu yake tumekwisha kuieleza: linazoa watoto.

Nchi nne zenye ziwa zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003, hapa Dar es Salaam, na chombo cha kusimamia mkataba huo kikawekwa Bujumbura. Mwaka 2021 zikakubaliana kupumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka. Kwa upande wa Tanzania kufunga kulianza tarehe 15 Mei 2024 hata 15 Agosti. Kwa samaki mwenye umri wa mwaka mmoja, miezi mitatu ni robo ya maisha yake yote; si muda wa mchezo. Sisi twaona kwamba kufunga ni jambo la busara, na twaona pia kwamba kufunga kwa nchi moja peke yake kungekuwa kazi bure, kwa sababu ya yale tuliyosema juu ya samaki asiye na pasi.

Lakini yako maneno ambayo lazima tuyaseme wazi. Katika chombo cha uvuvi kuna mwenye chombo, na kuna watu wavutao wavu. Fedha ya usiku ikipatikana, kwanza hutolewa gharama za mafuta, taa na chakula, kisha mwenye chombo huchukua fungu lake, na kinachobaki hugawanywa kwa mabaharia. Mwenye chombo, ziwa likifungwa, hutengeneza nyavu zake na kungoja. Pengine ana duka, pengine ana nyumba ya kupangisha. Baharia hana mshahara, hana likizo ya malipo, wala hana fungu la usiku ambao hakuvua. Mama wa kuanika naye hana ndoo ya kununua. Kwao miezi mitatu ya samaki kupumzika ni miezi mitatu ya sufuria kupumzika. Mtu mwenye njaa ukimwambia kwamba mwakani samaki watakuwa wengi, atakuitikia kwa adabu, na usiku atachukua kokoro. Hapo sheria itakuwa imelinda kilindi na kuipoteza pwani, yaani imelinda wazazi na kupoteza watoto.

Kwa hiyo, iwapo twataka kufunga kufanye kazi yake, hatuna budi kuangalia mfuko wa baharia kama tunavyoangalia tundu la wavu. Vyama vya akiba vya wavuvi vikikata kidogo katika kila giza, kwa miezi tisa, vitakuwa na cha kugawa katika ile mitatu. Jambo hili lawezekana tu ikiwa fungu la mwenye chombo nalo linakatwa, siyo la baharia peke yake. Vichanja navyo vijengwe wakati huo huo wa kufunga, kazi hiyo ilipwe, na akina mama wawe ndio wenye vichanja. Na mahali ambapo watoto wa dagaa hukulia pafungwe mwaka mzima, siyo miezi mitatu. Milima ya mwambao nayo isiendelee kukatwa miti hata udongo ukashuka na kufunika mchanga ambamo lumbu hutaga. Jambo hili ni refu, tutalitafutia siku yake.

Kabla ya kuweka kalamu chini, twapenda kutaja safari za lumbu, kwani ni habari ya kupendeza na wachache waijuao. Kati ya mwaka 1958 na 1960 samaki wadogo walichukuliwa kutoka Tanganyika wakatiwa katika Ziwa Kivu, ambalo katika maji yake makuu halikuwa na samaki wa kula wale wadudu wadogo. Aliyestawi ni lumbu. Leo Wanyarwanda na Wakongo humvua usiku kwa taa na kumwita sambaza. Mwaka 1967 na 1968 akapelekwa katika ziwa la bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Akazaana, akawa biashara kubwa, kisha akashuka na mto Zambezi bila kupelekwa na mtu hata akaingia Cahora Bassa, Msumbiji. Huko Kariba hakui kufikia ukubwa wa nyumbani kwao, lakini anajaza makopo ya watu wengi. Mwenziwe, yule mwembamba wa fedha, hakufaulu kuhama. Yeye ana ziwa moja tu duniani.

Ziwa likifunguliwa, vyombo vya Kigoma hutoka vikiwa na namba za usajili zimeandikwa ubavuni, na afisa aweza kuvihesabu kimoja kimoja akiwa amesimama ufukweni. Mabaharia walio ndani ya vyombo hivyo hawana namba. Kabla ya kufunga kwingine kufika, majina yao nayo yaandikwe, chombo kwa chombo, pamoja na ya akina mama wa kuanika, ili siku ya kugawa akiba ijulikane nani alikuwa akivuta wavu na nani alikuwa amelala.